Dungu la Sijaona

Msimwite Sijaona mwoga. Vita vya Maji Maji vilipofika Mbwara, askari wa Mdachi walimchomea nyumba na mpunga wote ghalani, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ndiyo maana nyumba mpya aliijenga ya kujificha: bondeni katikati ya matete, fupi, imekandikwa udongo pande zote, dirisha hakuna. Moshi usionekane! Basi moshi ukabaki ndani, na bintiye Tatu, bado mchanga, akaanza kukohoa.

Mkewe, Mwanawetu, alivumilia wee, mwisho akachoka.

"Baba Tatu, hii nyumba au kaburi? Mtoto hapumui!"

"Na wakituona?"

"Heri watuone tukiwa wazima."

Akachukua jembe, akaanza kubomoa ukuta mwenyewe. Sijaona akabaki kusimama. Alimpenda mwanamke yule, na mtoto alimpenda kupita kiasi; lakini hofu nayo ina nguvu zake, jamani. Tatu akakohoa tena, mpaka midomo ikabadilika rangi. Hapo Sijaona akashika shoka.

Alijenga dungu, kama vile vibanda vya juu ya nguzo vya kulindia mpunga, ila hili kubwa, la kukaa watu. Nguzo zilikuwa za mikoko, mchwa hawaziwezi, nazo ziliinua sakafu juu ya mafuriko ya mto. Fito za sakafu aliziachanisha kidogo, ili upepo upenye kutoka chini. Mlango akauelekeza kwenye upepo wa kusi, makuti akayashusha sana ili jua la mchana lisiingie. Jiko likakaa nje, upande moshi usikorudi. Raha tupu! Lakini lo, lilionekana mpaka ng'ambo ya mto.

Siku chache baada ya kuhamia, Sijaona alikuwa analima karibu na nyumba, sikio kalitega kama alivyozoea. Hakusikia kikohozi. Akasikiliza tena. Kimya. Alitupa jembe, akakimbia, akaparamia ngazi huku akiita, "Tatu! Tatu mwanangu!"

"Shii!" Mwanawetu akamkemea. "Ndiyo kwanza amelala, wewe unamwamsha?"

Mtoto alikuwa chali, kifua kinapanda na kushuka taratibu. Sijaona akajilaza kando yake juu ya zile fito, akalia bila kuona haya.