Mchanga wa Kuangukia

Tarehe tatu Machi mwaka jana nilimpoteza mume wangu. Alikuwa seremala hapa mtaani Baba Dogo, Nairobi. Wajane wengine huachiwa shamba; mimi niliachiwa farasi.

Ni farasi jike, mzee, aliyestaafu mbio. Kila Jumapili mume wangu aliwapandisha watoto wa mtaa na kuwazungusha uani. Baada ya mazishi niliendelea mimi, kwa sababu nilipomshika yule farasi kamba niliweza kupumua. Kisha mvua ikanyesha, farasi akateleza kwenye murram, ule udongo mwekundu wa uani, akachubuka goti.

Kwao mume wangu, mifugo ya marehemu huamuliwa na kaka mkubwa. Shemeji akaja na kofia yake ya kanisani, akaligusa lile goti.

"Shemeji, huyu atauzwa. Ua wenyewe mgumu kama barabara. Akimwangusha mtoto wa watu, tutasema nini?"

"Na nikiutengeneza ua?"

"Utengeneze. Nitakuja kuona."

Karakana ya marehemu ilikuwa imejaa maranda ya mbao, nikayamwaga uani. Yalikuwa laini kama godoro. Asubuhi nilikuta kuku wa ploti nzima wamehamia, na jirani yangu anajaza gunia.

"Mama, hayo ni ya farasi."

"Kwani farasi anatotoa vifaranga?"

Nilicheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Yaliyobaki yalinyeshewa yakawa uji, yakateleza kuliko murram.

Nikaenda soko la Kariokor. Mafundi wa akala, viatu vya matairi, walinipa vipande vya matairi kwa furaha nyingi mno, na ningepaswa kujiuliza kwa nini. Nilipovitandaza nikavijaribu kwanza mwenyewe, pekupeku. Vilikuwa na nyaya. Nilirudi ndani nikichechemea kama farasi.

Mwishowe fundi aliyekuwa akijenga kwa jirani akaniambia nishindilie murram upya, iinamie mtaroni, kisha juu niweke mchanga wa mto, usizidi urefu wa kidole.

"Ukiujaza sana atazama, miguu imuume. Na uunyunyizie maji, la sivyo mtaa mzima utakohoa."

Shemeji akarudi. Akaukanyaga mchanga kwa kisigino, akaguna.

"Panda," nikamwambia.

"Nani? Mimi?"

"Wewe ndiye unayeogopa watu wataanguka."

Jirani yangu alikuwa ameegemea ukuta. "Mzee, kama farasi ni mrefu tukuletee jogoo!"

Alipanda. Nilishika kamba tukazunguka polepole, naye akaanza kupungia watu mkono kama mgombea. Tulipofika kona nilimvuta farasi haraka, kusudi. Shemeji akatua kwa makalio, kofia ikabingirika mpaka kwenye mtaro.

Nikamwinamia.

"Umeumia?"

Akajipapasa mgongo, kiuno, magoti. "Hapana."

"Sema kwa sauti, majirani wasikie."

"Nimesema sijaumia!"

"Basi bado anauzwa?"

Alivua kiatu akamwaga mchanga, bila haraka. "Nani auze farasi na ua umeshatengenezwa?" Kisha akavaa kiatu, akaniambia safari hii nishike kamba vizuri, akapanda tena.