Maji ya blu yaliyowaka nyekundu: siku vijana walikaribia kumuumiza Abdi wa Isinya

Wakuu, hamjambo. Nina kisa cha Isinya, miaka ya mwanzo ya 2000, wakati kulikuwa bado nyasi tupu. Nilikuwepo, na chumvi sitaongeza.

Nilikuwa campus nikisoma biochemistry, nimekuja likizo kwa wazazi Kitengela. Sisi ni Wakamba. Baba alifuata kazi kwa shamba la maua. Rafiki yangu kule Isinya alikuwa Abdi, familia yake wametoka kaskazini mashariki. Alikuwa na duka la hardware: misumari, mabati, rangi.

Mifugo walikunywa kwa dam moja. Ukame ulipokaza, maji yakapungua yakafunikwa na utando wa kijani. Jua likauozesha ule utando, na ukingoni maji yakageuka blu.

Blu kabisa wakuu, kama mtu amemwaga ndoo ya rangi.

Halafu ng'ombe wawili wa Mzee Lemayian, mfugaji Mmaasai wa hapo, wakanywa hapo, wakafa.

Sasa nani anauza rangi? Na nani alionekana akiosha mikebe pale?

Nilifika nikapata vijana na rungu mlangoni kwa Abdi. Mzee Lemayian amekaa kwa jiwe kando yao.

"Hiyo mikebe ni ya mama, ya kuwekea maziwa, wallahi," Abdi alikuwa akisema. "Rangi yangu ni ya mafuta. Hata haitoki na maji!"

Hakuna aliyemsikiza.

Mimi ile blu nilikuwa nimeiona lab. Nikamwambia mzee, "Nipe nafasi kidogo. Kama ni rangi ya duka, nitakuonyesha."

"Enda," akasema. "Sisi tuko hapa."

Nikachota maji ya dam, nikachuja na kitambaa, nikajaza chupa ya glasi. Nyingine nikaikorogea rangi ya blu ya Abdi kwa mafuta ya taa, maana na maji haichanganyiki. Tukaingia dukani na mzee, tukafunga mlango. Giza. Jua lilipita kwa tundu moja la msumari kwa mabati, mstari mwembamba.

Wakuu, chupa ya dam isipowaka kama ile ya lab, nimemmaliza rafiki yangu.

Chupa ya rangi kwanza. Blu tu.

Chupa ya dam. Pale jua lilipopiga, maji yakawaka nyekundu, kama kaa la moto.

"Ero, kijana!" mzee akashtuka. "Hii ni nini?"

Nikamweleza hivi. Ule utando ni vijidudu, cyanobacteria. Ndani viko na protini za blu zinazoshika mwanga na kupitishiana nguvu yake, kama watu wamepanga mstari wakipeana ndoo, mpaka pale kijidudu kinatengenezea chakula. Kikifa kikapasuka, protini inamwagika majini. Bado inashika mwanga, lakini haina wa kumpa. Nguvu inatoka hivyo, kama mwanga mwekundu; rangi ya duka haina hiyo protini.

"Na ndiyo imeua ng'ombe yangu?"

"Hiyo rangi, hapana. Lakini vingine huwa na sumu, na vikipasuka inatoka pia. Kwa hakika sijui, mzee. Tusinyweshe hapo tu."

Akashika chupa, akairudisha kwa mwanga mara kadhaa. Kisha akafungua mlango, akaongea Kimaasai na vijana. Rungu zikashuka.

Akageuka. "Abdi, leta panga. Tukate miiba, tufunge hiyo maji."

Tukaizungushia boma la miiba, mifugo wakapelekwa kisima cha mbali. Hakufa mwingine. Daktari wa mifugo baadaye alisema inawezekana kabisa ni ule utando, ila hakuna aliyepima ile mizoga, kwa hivyo siapi.

Kesho yake Abdi alifungua duka. Mteja wa kwanza alikuwa mmoja wa wale wa rungu, anataka misumari. Abdi akampimia, akamfungia vizuri kwa gazeti, akamwambia karibu tena. Mimi singeweza.

Nilichojifunza: mtu akishukiwa, ombeni nafasi ya kujaribu kitu kabla mkono haujainuka. Na maji yakiwa na utando, ng'ombe wako asiguse.

Kuna mwenye ameona hiyo blu kwa dam ya kwao? Wafugaji wa Kajiado na Kimana, mlifanya nini?