Kea wa Safari

Ukoo wa kina Musyoka hauwezi kufanya jambo bila kamati. Harusi ina kamati, msiba una kamati, na mwaka huu, kwa mara ya kwanza tangu wahamie London, hata kupumzika kuliundiwa kamati. Tom ndiye aliyekuwa mwenyekiti, kwa sababu ndiye kifungua mimba. Victor, mdogo wake, alikuwa katibu. Vikao vilifanyika Jumapili baada ya kanisa, katika fleti ya Victor huko Stratford, ghorofa ya tisa, na vilifunguliwa kwa maombi marefu, utadhani meli yenyewe ilikuwa imeshaanza kuzama.

Teresia, mke wa Victor, hakuwa na cheo. Yeye alikuwa jikoni, akipika chai ya kamati.

Mpango ulikuwa huu: siku saba melini, kutoka Southampton hadi pwani ya Uhispania na kurudi, halafu siku tatu kwenye bustani kubwa ya michezo huko kaskazini, ile yenye treni zinazopindua watu kichwa chini. Wangesafiri watano. Victor na Teresia. Binti yao Marion, mwenye miaka kumi na minne. Tom, ambaye mkewe alikuwa Kenya akisimamia ujenzi wa nyumba yao. Na Mama, aliyewazaa Tom na Victor, bibi ambaye Marion humwita Susu, mwenye magoti mabovu na ulimi mzima kabisa.

Safari yenyewe lilikuwa wazo la Teresia. Kamati ilikuwa imelisahau hilo. Alikuwa ameiona kwenye tangazo lililobandikwa ndani ya treni: mwanamke wa makamo amekaa kwenye roshani ya meli, miguu juu, kikombe cha chai mezani. Kilichomshika Teresia si bahari. Ni kile kikombe. Kuna mtu alikuwa amekileta, akakiweka, akaondoka.

Kwao Tala, Kenya, alikuwa mwalimu wa chekechea. Tangu afike London, miaka kumi na sita iliyopita, alikuwa kea. Neno hilo Wakenya wa huko hawajihangaishi hata kulitafsiri. Kea ni yule anayewaogesha wazee wa watu, anayewalisha, anayewageuza kitandani wasipate vidonda, anayecheka nao wanapomwita kwa jina la binti yao aliyekufa. Siku tano kwa wiki Teresia alipanda treni ya mstari wa zambarau kutoka Stratford hadi Hayes, kwenye nyumba ya wazee, akavaa sare yake ya buluu na kubandika saa kifuani. Jioni alirudi nyumbani, akamkanda Mama magoti, akampangia vidonge vyake kwenye kile kisanduku cha siku saba, akamshika mkono kwenda msalani. Miaka minne sasa, tangu Mama aje.

Kwa hiyo alikuwa ametaka mambo mawili tu. Kikombe cha chai kwenye roshani. Na ile treni ya kupinduka. Alitaka kuipanda apige mayowe mpaka koo limkauke, kwa sababu kazini kwake mtu akipiga mayowe lazima mtu mwingine akimbie, na kila mara anayekimbia ni yeye.

Jumatano jioni Marion alifungua barua pepe ya kampuni ya meli, iliyowauzia pia tiketi za bustani, kwenye tableti, aone vyumba.

"Mama," alisema, "wewe humo humu."

Alisema kwa Kiingereza. Marion huelewa Kiswahili chote, hata kile cha matusi, lakini hujibu kwa Kiingereza.

"Simo vipi? Angalia vizuri."

"Naangalia. Wasafiri ni Baba, Anko Tom, Susu na mimi." Akatelezesha kidole chini. "Ngoja. Upo hapa. Chini ya jina la Susu."

Teresia akaichukua tableti. Chini ya jina la Mama, kwa herufi ndogo, palikuwa na mstari mmoja: Kea, T. Musyoka. Palikuwa na maelezo pia. Kea husafiri bure, na kwenye bustani ya michezo huingia bure. Kea hulala chumba kimoja na anayemhudumia. Kea hamwachi anayemhudumia peke yake wakati wowote. Chumba chao kilikuwa cha ndani, kisicho na dirisha, na kitanda cha tatu kilikuwa cha Marion. Chumba chenye roshani kilikuwa na majina mawili: Victor na Tom.

Alisoma mara mbili.

Victor alipoingia na viatu vyake vya kazi mkononi, Teresia hakumpa hata nafasi ya kuviweka chini.

"Baba Marion, mimi ni nani kwenye hii meli?"

"Aa, hiyo." Victor alicheka kidogo. "Hiyo ni karatasi tu, Mama Marion. Kea anaingia bure. Tom ndiye aliyegundua."

"Na kitanda nacho ni karatasi? Roshani utalala na Tom?"

"Sasa Mama akitaka kuamka usiku, mimi nitajua nini? Wewe umesomea."

"Ni mama yako."

"Najua ni mama yangu! Ndiyo maana nataka awe na mtu anayejua kazi. Watu wengine wangeona ni heshima." Akaenda kuosha mikono. Akiwa huko bafuni aliongeza, "Kama una neno, leta hoja kwenye kikao Jumapili. Majina yanafungwa siku hiyo saa kumi na mbili jioni."

Leta hoja. Teresia alisimama sebuleni akiwa na tableti mkononi. Usingizi wake wa siku kumi utapigiwa kura na ndugu wawili wanaokula mandazi yake.

Alhamisi alikwenda kazini na hasira zake zote. Zamu ya asubuhi alikuwa na Mzee Praful, Mhindi aliyezaliwa Nakuru, ambaye mwanawe anaishi Stanmore na humtembelea kila Jumamosi. Mzee Praful alikuwa amesahau mengi, lakini Kiswahili chake hakijasahaulika, na alipenda kukitumia wakati Teresia anapomnyoa ndevu.

"Leo mama iko kali," alisema. "Nani nakosea wewe?"

"Hakuna, Mzee. Tulia nisikukate. Mwezi wa nane naenda safari ya meli."

"Meli!" Macho yake yaling'aa. "Mimi naenda meli na baba yangu, Mombasa mpaka Bombay. Mimi toto dogo. Yaya yetu nakuja pia. Mzuri sana, ile yaya. Nalala chini, karibu ya kitanda yangu, siku yote ya safari. Nikilia, yeye iko."

"Aliitwa nani?"

Mzee Praful alifikiri. Povu lilimteremka shingoni.

"Yaya," alisema mwishowe. "Kwa tiketi naandika hivyo. Chini ya jina yangu."

Teresia aliuweka wembe chini, akamfuta povu polepole.

Jumapili alikuwa na zamu ya mapema. Alimaliza saa nane mchana, na badala ya kubadilisha nguo kama kawaida yake, alipanda treni vivyo hivyo na sare yake, saa kifuani, kitambulisho shingoni. Alifika nyumbani kamati ikiwa imeshaomba. Tom alikuwa ameketi kwenye kiti kikubwa. Victor alikuwa na daftari na tableti. Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, Marion sakafuni na simu yake.

"Shemeji! Karibu," alisema Tom. "Tulikuwa tunakungojea. Leo chai imechelewa."

Teresia hakwenda jikoni. Alivuta kiti cha mezani, akakaa katikati yao.

"Umekuja na sare?" Tom aliuliza.

"Nimekuja kazini. Si mmeniandika kea? Mwenyekiti, naomba kujua. Zamu yangu inaanza saa ngapi?"

Tom alimtazama Victor. Victor alitazama daftari.

"Zamu gani, shemeji? Ni likizo."

"Likizo ya nani? Mimi naona nina siku kumi, mchana na usiku. Nani ananipokea nikichoka? Nikienda kula, nani anabaki na Mama? Hata pale Hayes, na ubahili wao wote, hawathubutu kumweka mtu siku kumi mfululizo. Nyinyi mmethubutu kwa maombi."

"Mama Marion, usituaibishe," Victor alisema kwa sauti ya chini.

"Mbele ya nani? Nionyeshe mgeni hapa."

"Shemeji, tulikuheshimu," Tom alisema, akiinua viganja. "Nani mwingine anaiweza kazi hii? Na kusema ukweli, kuna mambo mwanamume hawezi kumfanyia mama yake."

"Yapi?" Ilikuwa sauti ya Mama. Wote waligeuka. "Yapi hayo, Tom? Kuoga naoga mwenyewe, nikiwekewa kiti. Sijafa. Ninachotaka ni mkono wa kusimamia na mtu wa kusukuma kile kiti cha magurudumu. Mikono huna?"

"Mama, si hivyo. Teresia amesomea..."

"Nyinyi wawili niliwaosha matako mpaka mkaingia darasa la kwanza. Nani alinisomesha?"

Marion alicheka puani. Victor alimkata jicho, kisha akamgeukia mama yake. "Lakini Mama, mimi naweza kukuangusha."

"Hilo naliamini," alisema Mama. "Umeanza lini kushika kitu vizuri?"

"Hataangusha," Teresia alisema. Alikuwa bado hajacheka. "Simama, Victor. Mwinue Tom kutoka kwenye kile kiti. Usimvute mikono, utamtegua mabega. Piga magoti kidogo. Mkono mmoja mgongoni, mwingine chini ya kiwiko. Mwambie hesabu tatu, ainuke na wewe."

"Mimi nina kilo mia na kumi!" alisema Tom.

"Basi akikuweza wewe, Mama atamweza."

Victor alisimama katikati ya sebule akiwa na kalamu mdomoni. Alimtazama mkewe kana kwamba angetabasamu wakati wowote na mambo yarudi yalivyokuwa. Hakutabasamu. Saa yake ya kifuani ilionyesha saa tisa na robo. Victor akaitoa kalamu, akapiga magoti, akamkumbatia kaka yake mgongoni. Mara ya kwanza walirudi wote wawili kitini na kiti kikalia. Mara ya pili Tom alisimama, shati limechomoka, uso umemwiva.

"Tena," alisema Teresia.

Baada ya mara ya tatu ndipo Teresia alipomwachia Victor. Akaisukuma tableti mezani mbele ya mumewe. Safari ilikuwa imewekwa kwa jina la Victor, kwa hiyo yeye tu ndiye aliyeweza kubadilisha majina. Aliandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja, watu wote wakimtazama: Kea, V. Musyoka. Chumba cha ndani. Nafasi yake ya kulipia akampa Teresia, Marion akahamishiwa kwenye roshani na mama yake, na Tom akapata kile kitanda cha tatu. Mashine ilifikiri kidogo, halafu ikakubali.

"Umeridhika sasa?" Victor aliuliza.

"Bado. Uliniambia nilete hoja. Soma kumbukumbu za kikao kilichopita, pale pa huduma."

Victor alifungua daftari, akakohoa. "Kifungu cha saba. Mama atashughulikiwa na Mama Marion kama kawaida."

"Futa."

Akafuta.

"Andika: Teresia Mwende."

"Hilo ni jina la kwa baba yako."

"Ndilo lililoko kwenye pasipoti yangu. Mngeniuliza, mngejua; hata kwenye ile tiketi ya bure mliandika jina lisilo langu. Leo kabla ya saa kumi na mbili utawapigia simu kulisahihisha. Teresia Mwende. Halafu andika, abiria."

Victor aliandika. Kalamu ilisikika juu ya karatasi. Tom aliingiza shati ndani ya suruali, akamtazama mama yake, akautazama mlango wa jikoni.

"Basi jamani," alisema, "hata chai ya kufungia kikao hatupati?"

Teresia alivua viatu vyake vya kazi, akavuta stuli, akaweka miguu juu. Marion akasogea akakaa karibu naye. Mwishowe Victor aliinuka akaenda jikoni. Walimsikia akifungua kabati, akalifunga, akafungua la pili.

"Mama Marion! Majani ya chai yanakaa wapi?"

Teresia aliegemea kiti, akasubiri kikombe chake.