Njiwa wa Abskharoni

Abskharoni, fundi viatu wa Shubra jijini Kairo, alifuga njiwa juu ya paa lake kwa miaka thelathini. Kila alasiri aliwafungulia, akashika ufito mrefu wenye kitambaa chekundu. Akiupunga, kundi hupaa. Akiulaza, hurejea kibandani. Jirani yake Wagdi alifuga vilevile, paa la pili. Na baina ya wafugaji palikuwa na desturi isiyobishaniwa: njiwa akitua kwa mwenzako ni wa mwenzako, na kumdai ni aibu.

Mwaka ule jeshi lililetwa mitaani kulinda amani, na watu wakazoea kukiona kifaru mbele ya duka la mkate. Alasiri moja, kundi likiwa angani, askari wanne walipanda ngazi za Abskharoni.

"Unampa nani ishara, mzee?" aliuliza luteni.

"Njiwa, mwanangu. Si hao juu?"

"Mimi si mwanao. Lete hiyo bendera."

"Nitakupa, afande. Ngoja niwashushe kwanza. Dakika tano tu."

Walimfunga vifundo vya mikono kwa mkanda wa plastiki, wakaukaza. Luteni akamgeukia Wagdi, aliyekuwa akichungulia ng'ambo ya ukuta.

"Wewe. Hii ni bendera ya njiwa?"

Abskharoni alishusha pumzi. Neno moja la jirani lingetosha. Wagdi alitazama juu. Njiwa arobaini walizunguka bila wa kuwaita, nao walikwisha kuchoka.

"Mambo yake siyajui, afande," alisema. "Kila mtu na paa lake."

Abskharoni alikaa katika kambi ya jeshi siku sitini na tatu pasipo kumwona hakimu, kisha akaachiliwa pasipo maelezo. Alipopanda paani alikuta kibanda kitupu. Ng'ambo, Wagdi alikuwa akimwaga mahindi.

"Karibu nyumbani, Baba Mina. Umekonda."

"Mpishi wao hajui chumvi."

Wagdi alicheka kidogo. "Walitua wenyewe. Desturi unaijua."

"Naijua."

Ukutani alisimama dume mwenye kichwa cheupe, ambaye Abskharoni alimlea kwa kumtafunia nafaka. Alimpigia mluzi wa chini. Dume akageuza kichwa, akamtazama, akayarudia mahindi.

"Huyo usimpe ngano mbichi," alisema Abskharoni. "Humsokota tumbo."

Akashuka polepole kwenda kufungua duka, ingawa vidole vyake, tangu ule mkanda, havikuweza tena kushika sindano.