Stripu za Dhahabu Zilizofukizwa Handeni

Nilitoka Korogwe nikiwa nimeshakasirika. Mradi wetu wa utafiti ulikuwa umenikabidhi kipimo kipya cha saratani ya matiti, kidude mfano wa kile cha kupimia sukari, na kopo moja tu la stripu. Ncha za stripu hizo zimepakwa chembe za dhahabu ndogo kupita kiasi, zinazonasa dalili za saratani katika tone la damu. Umeme ukipita, kidude kinasoma hata kabla uvimbe haujashikika kwa mkono. Nyie wa nyumbani Mashewa mlioniuliza nilifuata nini kwa wafugaji, nilimfuata Mama Naserian, ambaye dada yake alikufa kwa ugonjwa huo. Mumewe alikuwa ametamka kwamba mkewe haendi hospitali yoyote mpaka mashine iseme.

Stendi ya Korogwe, asubuhi. Basi la Handeni lilikuwa linaondoka "sasa hivi", na sasa hivi hiyo ilinikalisha mpaka jua likawa kali. Konda alitaka kutupa kisanduku changu cha barafu, chenye kopo la stripu, kwenye buti.

"Dada, samaki wako watatutia harufu."

Nikamwambia si samaki. Hakuamini.

Kutoka Handeni mjini nilipanda bodaboda, na dereva wangu alisimama kwenye kila kichaka kupokea simu.

Mchana nikafika bomani kwao. Mama Naserian alinipokea kwa chai ya maziwa.

"Shikamoo, mama. Hujahisi uvimbe wowote?"

"Marahaba, mwanangu. Sina."

Shemeji yake alikuwa amekaa hapohapo, anasikiliza. Mume alikuwa bado malishoni, na bila yeye hakuna kupima. Barafu ilikuwa imeyeyuka, kwa hiyo nikamkabidhi mama kopo aliweke ndani penye ubaridi. "Lisiingie uchafu hata kidogo," nikamwambia, nikapanda kilimani kutafuta mtandao.

Niliporudi, kopo lilinuka moshi. Alikuwa amemwaga stripu zote kwenye shuka safi, akazungusha kijinga cha moto ndani ya kopo, akazirudisha moshi ukiwa bado umejaa, akafunika.

"Ndivyo tunavyosafisha vibuyu vya maziwa," akaniambia kwa furaha. "Maziwa yanakaa siku nyingi."

Nilitaka kulia. Nikajaribu stripu ya kwanza kwa dawa ya majaribio inayowekwa badala ya damu, nikajaribu ya pili, nikamaliza karibu kopo zima. Kidude kilikataa zote. Dhahabu ya watu imepakwa masizi! Nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa.

Jioni mume alirudi na ng'ombe.

"Mashine imesema nini?"

Nilitamani kumdanganya. "Haijasema kitu, mzee. Stripu zimeharibika."

"Basi hakuna safari."

Akageuka kwenda zizini.

"Baba Naserian, ngoja kwanza," mkewe akasema. Akanishika mkono, akaupeleka kwapani mwake, mume anatazama. Kivimbe kilikuwepo: kigumu, kama punje ya mahindi. "Kipo tangu masika. Nilingoja mashine iseme, mimi naona aibu."

Mzee alishusha fimbo yake mabegani. Halafu akanigeukia mimi. "Kesho mwite mtu wa pikipiki. Aje mapema."

Tukarudi Korogwe pamoja. Hospitali walimchoma sindano wakachukua sampuli, na majibu yalipotoka ilikuwa saratani, bado ndogo. Daktari akampangia upasuaji. Tukiwa kwenye benchi, nikamwambia mama kwa kujisifu kidogo kwamba nimeshaomba stripu nyingine.

Akanitazama. "Na hicho kidude kingesema sina kitu, je?"

Kidude bado kinajaribiwa, na kukosea kinakosea. Kingesema hana kitu, mumewe angenishukuru, mimi ningemaliza chai yangu nikapanda pikipiki, naye angebaki kule na ile punje, kimya.