Ghala Katika Njia ya Ng'ombe

Kosa lilikuwa letu sote. Mfanyabiashara wa mpira alipofika kwetu Ndera na vitambaa, chumvi na walinzi wenye bunduki, aliomba mahali pa kujenga ghala. Kando ya mto kila kipande kilikuwa na mwenyewe, isipokuwa malka, njia ambayo wafugaji huteremshia ng'ombe mtoni wakati wa kiangazi. Siku hizo nyasi za bara zilikuwa bado mbichi na ng'ombe walikuwa mbali. Wazee wakaona mpira wa mwituni utaisha kabla ya nyasi kukauka, naye ataondoka. Tukampa malka.

Hakuondoka. Mitambaazi ya mpira iliyokuwa karibu tuliichanja utomvu mpaka ikafa, akatutuma mbali zaidi, na ghala akalizungushia boma la miiba lililoziba malka yote.

Wafugaji waliporudi, mpunga wangu ulikuwa umeanza tu kugeuka rangi. Shamba lilipakana na malka. Ndilo la kwanza tuliloanza kulima mimi na mke wangu, na hatukuwa na chakula kingine wala mbegu. Ng'ombe walisimama mbele ya boma wakilia kwa kiu. Nyuma yao vijana walishika mikuki.

Mzee wao aliomba njia kwa adabu. Mlinzi mmoja akamcheka. "Waambie ng'ombe wako wapige hodi."

"Wamekwisha piga, bwana," mzee akajibu. "Asiyefungua ni wewe."

Wazee wetu wakamsihi mfanyabiashara alivunje boma. Alikataa, akaonyesha shamba langu kwa fimbo: wapite pale, mpunga si miiba. Walinzi wakainua bunduki. Nikamwona kijana mmoja wa wafugaji akibadili mshiko wa mkuki, nami nikaanza kusoma shahada moyoni.

Mzee alinigeukia. "Mwanangu, mpunga wako siutaki. Lakini ng'ombe hawa nimeshindwa kuwazuia."

Kabla sijajibu, mke wangu aliingia shambani na kisu, akaanza kukata masuke mabichi, akifungua njia kuelekea mtoni. Hakuniuliza. Wanawake wengine wakamfuata, kisha sisi wanaume. Ng'ombe walipita katikati yetu, wakakanyaga hata tulichokiacha, wakanywa.

Masuke yale tuliyakaanga na kuyatwanga, tukala pepeta, wafugaji wakatuletea maziwa. Hakuzikwa mtu siku ile. Kwa hilo namshukuru Mwenyezi Mungu hadi leo, katika kila sala.

Lakini pepeta haipandwi. Mafuriko yaliyofuata yaliacha tope zuri, nasi hatukuwa na mbegu ya kutia. Mchele wa kula ulikuwa ghalani kwa mfanyabiashara, umeletwa kwa mitumbwi kutoka chini ya mto, na hakuutoa ila kwa mpira. Nikamuaga mke wangu baada ya sala ya alfajiri, nikaenda mwituni kutafuta mitambaazi iliyosalia.