Uwanja Uliokuwa Wilaya

Harufu ya chokaa iliyomwagiwa maji ndiyo iliyotupokea asubuhi ile shuleni kwetu Muyeye, mjini Malindi. Mwalimu Zuhura, aliyetufundisha jiografia, alikuwa ameinama uwanjani, leso kaifunga kiunoni, anachora wilaya yetu nzima ya Kilifi juu ya mchanga. Ilikuwa miaka ya themanini. Bahari aliiweka upande wa jikoni, Mto Sabaki akaupitisha karibu na lango, na mji wa Kilifi, makao makuu, akauwekea jiwe kubwa. "Haya wanangu," akasema, "kila mmoja asimame walikozaliwa babu na bibi zake. Leo tutaona watu wanatoka wapi."

Tukatimua mbio. Malindi na Mambrui zikajaa hadi tukawa tunakanyagana vidole. Bhavna, ambaye babake alikuwa na duka la vitambaa, alizunguka akakosa pa kusimama, mwisho akaivuka bahari mpaka mlangoni mwa jikoni. "Babu katoka Bara Hindi!" akapaza sauti, na mpishi akamkaribisha kwa mwiko. Tulicheka hadi mbavu zikatuuma.

Upande wa magharibi, penye nusu nzima ya uwanja, alisimama Kadzo peke yake, msichana aliyehamia kwetu muhula ule kutoka Bamba.

"Huko hakukai watu!" mtu akapiga kelele.

"Wanakaa," Kadzo akajibu. "Kwetu ni huku." Kisha akalitazama lango, nami nikahisi akitoka hatarudi tena.

Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Ganze, huko huko magharibi. Mjini alikuja kuolewa, akasilimu, lakini akitwanga mahindi bado aliimba Kigiriama. Mbele ya wageni jambo hilo halikutajwa nyumbani. Nikatoka Mambrui, nikauvuka uwanja, nikamshika Kadzo mkono.

"Hata wewe?" akaniuliza.

"Bibi yangu ni wa Ganze."

Kisha Saumu, mwanafunzi mwenzetu, akaja akisema, "Wangu naye ni wa Kaloleni," na nyuma yake wakamiminika wengine, mpaka Mambrui ikabaki na watu wa kuhesabika. Mwalimu alipiga makofi. "Sasa hii ndiyo wilaya!"

Siku hizi nyumba za Muyeye zimebanana hata upepo hupita kwa taabu, na majirani zangu wametoka kila pembe ya nchi. Wanangu nikiwauliza kwao ni wapi, hujibu "Muyeye," basi. Sikatai. Lakini kila Desemba nawapeleka Ganze, ambako wazee huwatazama nyuso, wakawaita kwa majina ya ndugu waliotangulia. Kitinda mimba wangu hugeuka, akaitika.